Nani Yuko Zamu Mtandaoni?

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa chuo, na nyinyi wauguzi, wafamasia na matabibu wa kesho mliojaa ukumbini hadi wengine mmesimama mlangoni,

naomba tuanze na kitu ambacho karibu kila mmoja wenu anacho mfukoni saa hizi: kundi la mchango. Jina lake huandikwa kwa herufi kubwa, TUMSAIDIE DADA YETU au MATIBABU YA BABA FULANI, na picha yake ni ya mgonjwa alipokuwa mzima, mara nyingi imekatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine. Ujumbe wa kwanza unataja ugonjwa, hospitali, kiasi kinachohitajika, namba ya kutumia pesa na jina litakalotokea. Kisha inaanza orodha. Kila anayeahidi ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake chini na kiasi chake mbele, na akishatuma anabandika tiki ya kijani. Wawili wakinakili kwa pamoja, namba 17 inakuwa ya watu wawili na mmoja wao anapotea kabisa. Mweka hazina anasihi: "Jamani tupeane nafasi." Saa tatu usiku mjomba aliyeko Mwanza anauliza kama mgonjwa ana bima. Shangazi aliyeko Muscat anaomba ripoti ya daktari ili amwonyeshe mtu anayemfahamu huko. Ripoti inapigwa picha na kutumwa: jina kamili, umri, namba ya faili, ugonjwa, saini ya daktari. Watu zaidi ya mia wanaisoma, wakiwemo majirani ambao mgonjwa mwenyewe hajawaambia anaumwa nini.

Hesabuni kazi zilizofanyika mle kwa wiki moja. Kundi limekuwa mfuko wa bima. Limekuwa ofisi ya rufaa, maana kuna aliyesema "msimpeleke hapo, mpelekeni kwa daktari fulani," na wakamsikiliza. Limekuwa benki ya damu siku zilipohitajika chupa tatu. Limekuwa masjala, tena masjala isiyo na kufuli. Na limekuwa jopo la madaktari, ambako mmoja alisema ni figo, mwingine akasema mafuta ya nyonyo, wa tatu akaleta namba ya mchungaji. Hakuna mtumishi wa afya hata mmoja aliyepangiwa kuwa mle.

Mada niliyopewa ni nafasi ya mitandao ya kijamii katika huduma za afya miaka ijayo. Nitasema mapema ninachoamini, ili anayetaka kuwahi daladala aondoke nacho. Wizara zetu, hospitali zetu na wafadhili wao wameichukua mitandao kama gari la matangazo: unafunga spika juu, unazunguka mtaani, unasema chako, unaondoka. Mimi naiona kama dirisha la mapokezi. Mtu anafika na swali lake, ana hofu, na mara nyingi ni usiku. Kwa hiyo miaka kumi ijayo haitaamuliwa na programu mpya wala simu ya bei mbaya. Itaamuliwa na mambo yasiyo na mvuto wowote: nani amepangiwa kujibu, nani anamlipa, na akikosea anawajibika wapi.

Tulianza vizuri. Novemba 2012 Tanzania ilizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mjamzito, au mumewe, aliandika neno MTOTO akatuma kwenda 15001 bila malipo, na kuanzia hapo akapokea ujumbe uliolingana na umri wa mimba: hudhuria kliniki, lala kwenye chandarua chenye dawa, pima VVU, weka akiba ya nauli ya kwenda kujifungua. Ilipita kwenye kitochi, haikuhitaji bando, na haikumlazimu mtu kujua kusoma Kiingereza. Lakini nguvu yake ilikuwa kupeleka ujumbe. Kumpokea mama anayesema "tangu asubuhi mtoto hachezi tumboni, nifanyeje" ni kazi nyingine, na ndiyo ngumu.

Afrika Kusini walianza MomConnect Agosti 2014. Mama anaandikishwa kliniki kwa kubonyeza namba kwenye simu yake, anapata ujumbe hadi mtoto akue, na mwaka 2017 huduma hiyo ikaingia pia WhatsApp. Wengi wakiisifu husifu idadi ya waliojiandikisha. Kwangu kilicho na thamani zaidi ni dawati la msaada. Mama anaweza kuuliza, anaweza kusifu kituo, na anaweza kulalamika: dawa hakuna, nesi kanifokea. Lalamiko linasomwa na mtu na linashushwa kwenye uongozi wa eneo husika. Mtu yeyote aliyewahi kufungua sanduku la maoni la zahanati na kukuta kufuli imeota kutu na ndani mna vifuko vya karanga anajua hiyo ni hatua kubwa kiasi gani.

Hapa kwetu mfano ninaoupenda hauko hata mtandaoni. Ni m-mama. Mama akipata dharura, yeye au ndugu au mhudumu wa zahanati anapiga 115 bure. Anayepokea amepewa maswali ya kumuuliza, anapima hatari iliyopo, anaamua mama aende kituo gani. Kama gari la wagonjwa liko mbali au bovu, anampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na dereva analipwa kwa simu kazi ikiisha. Ilianzia Shinyanga na Sengerema, na mwaka 2022 ukaanza mpango wa kuieneza nchi nzima. Simu ya kupiga na kupokelewa ni teknolojia ya babu zetu. Jipya ni kwamba saa nane usiku yuko mtu macho, ana kiti, ana mshahara, na ana mamlaka ya kutoa gari.

Sasa twendeni Beni, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tukaone kusikiliza kunavyofanyika.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola Kivu Kaskazini. Ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, wakaugua watu 3,470 na kufariki 2,287. Mangina, Beni, Butembo: ni nchi ya Kiswahili, Kiswahili chao wenyewe, na ni nchi iliyokuwa imezika watu waliouawa kwa mapanga miaka mingi bila wageni kuja na misafara mikubwa kiasi hiki. Ghafla magari meupe yakajaa barabarani. Watu wakauliza: tulipokuwa tunachinjwa mlikuwa wapi? Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikaahirisha kura Beni na Butembo, ikitaja Ebola na usalama, huku karibu nchi nzima ikiendelea kupiga. Hapo aliyekuwa na shaka akapata ushahidi wake. Ujumbe wa sauti ulipita kwenye simu kutoka mtaa hadi mtaa: Ebola ni biashara, wanaoingia kituoni wanachomwa sindano ya kufa, maiti zinatolewa viungo, masanduku yanazikwa na mawe ndani.

Jawabu la kawaida la watu wa afya kwa maneno kama hayo tunalijua. Tangazo lingine la redio. Bango lingine. "Puuzeni uvumi." Kule lilifanyika pia jambo tofauti. Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika walichoambiwa, neno kwa neno, bila kubishana na mtu. Maandishi yale yalipangwa kwa mafungu, yakapelekwa kila mara kwa wanaoendesha kazi. Yaliposomwa kwa pamoja ilionekana kwamba nyuma ya habari ya viungo na mawe kulikuwa na jambo moja: familia inapewa mfuko wa maiti uliofungwa, usioonyesha ndani, inaambiwa huyu ndiye baba yenu, msiguse, msifungue. Nani angekubali? Ikaanza kutumika mifuko inayoonyesha, ndugu wakamwona marehemu wao usoni kabla ya kuzika. Shirika la ALIMA nalo lilitumia vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, mgonjwa analala ndani na mkewe anakaa nje ya ukuta akimtazama na kuongea naye, bila kulazimika kuvaa mavazi ya kutisha.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa makusudi. Maneno yale ya WhatsApp yalikuwa swali: mle ndani ya mfuko mna nani? Kipeperushi kisingelijibu. Plastiki inayoonyesha ililijibu. Na lisingejulikana kama ni swali iwapo kazi ya kitengo cha mitandao ingekuwa kukanusha tu. Siku mtakapokuwa waganga wafawidhi na mkaletewa ujumbe wa ovyo unaozunguka kuhusu kituo chenu, kabla ya kuandika kanusho muulizeni dada wa usafi na mlinzi wa getini kwamba watu wameona nini hapa kilichowafanya waamini hivi. Mara nyingi kuna kitu wameona.

Wapo watakaosema mitandao ndiyo iliyoleta uongo. Mwaka 2011, kabla simu za kupangusa hazijaenea, maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilipimwa kwa kilomita. Wagonjwa walitolewa wodini, wengine wakafia njiani. Mwaka 2014 chanjo ya pepopunda ilizua mzozo mkubwa Kenya baada ya maaskofu wa Kanisa Katoliki kudai imetiwa kitu cha kuzuia mimba, na mimbari ilitosha kueneza habari hiyo. Mtandao umeongeza mwendo. Hofu na kiu ya kupona zilikuwepo.

Mwendo wenyewe unaweza kupunguzwa, na hili lisidharauliwe. WhatsApp iliweka kikomo cha mazungumzo matano kwa kila ujumbe unaosambazwa, kwanza India mwaka 2018, kisha dunia nzima Januari 2019. Aprili 2020, corona ilipopamba moto, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa wakati, na kampuni ikasema usambazaji wa ujumbe wa namna hiyo umeshuka kwa asilimia 70. Kidole kikichoka, uongo unachelewa. Ila na ukweli unachelewa pia, na ndiyo maana kikomo peke yake si sera ya afya.

Kuna jambo linalouma kidogo, lakini chuoni ndiko pa kulisema. Mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu za corona Tanzania zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikutolewa nyingine hadi katikati ya 2021. Katika kipindi kile wananchi hawakukaa kimya. Walihesabu wenyewe, kwa salamu za rambirambi zilizojaa kwenye makundi ya ukoo, ya kanisa, ya waliosoma pamoja. Walishauriana nyungu, tangawizi, malimao, mitungi ya oksijeni inapatikana wapi na kwa bei gani. Baadhi ya ushauri ule ulikuwa mzuri, mwingine uliua, na hapakuwa na wa kuutenga. Linganisheni na Machi 2023 huko Kagera: ugonjwa usiojulikana ukatangazwa hadharani tarehe 16, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akathibitisha Marburg tarehe 21, namba ya simu 199 ikatolewa kwa maswali, na ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni walikuwa wameugua watu 9 na kufariki 6. Januari 2025 Marburg iliporudi, safari hii Biharamulo, serikali ilisema kwanza kwamba sampuli hazikuonyesha virusi, na siku chache baadaye, tarehe 20, Rais akathibitisha mbele ya Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Siku chache tu. Lakini muulizeni yeyote mwenye ndugu Biharamulo makundi yao yalikuwaje siku hizo.

Kuhusu wauza dawa nitapita haraka, maana mnawaona wenyewe. Chai ya kupunguza kitambi, vidonge vya kusafisha kizazi, unga wa nguvu za kiume, mafuta ya kung'arisha ngozi ambayo ni mkorogo uliopewa chupa mpya. Tunayo TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, tunalo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria zipo. Lakini tazameni jambo moja la biashara yao: muuzaji anajibu. Mteja anaandika saa sita usiku kuhusu jambo ambalo hajawahi kumwambia hata mkewe, na baada ya dakika mbili anaitwa "kaka yangu", anaulizwa tatizo lina muda gani, anahakikishiwa siri. Aende kituo cha afya akiwa na tatizo hilo hilo atalieleza dirishani, watu ishirini wakiwa nyuma yake kwenye foleni. Matapeli wametushinda kwa adabu ya mapokezi, na hilo haliondolewi na faini.

Nije kwa mtu ambaye tayari yuko zamu bila kupangiwa. Ni muuguzi wa zahanati. Namba yake iko mgongoni mwa kadi za kliniki nusu ya kijiji, ameiandika mwenyewe kwa kalamu. Saa nne usiku inaingia picha ya mgongo wa mtoto wenye vipele, imepigwa kwa mwanga wa tochi, haionekani vizuri. "Samahani dada nesi kwa usumbufu." Anauliza: ana homa? Ananyonya? Vipele vina maji? Anaomba picha nyingine. Bando ni lake, simu ni yake, na betri imebaki asilimia tisa. Yeye naye yuko kwenye kundi la rufaa la wilaya, na kuna usiku anatuma picha ya patografu, ile chati ya uchungu wa uzazi, mstari umevuka pale usipotakiwa kuvuka, halafu anakaa akitazama simu. Jibu la daktari wa hospitali ya wilaya linaweza kuwa neno moja: "Mlete." Neno hilo limeokoa akina mama ambao hawamo katika takwimu yoyote ya afya ya kidijitali, kwa sababu mradi huo hauna jina, hauna nembo wala fulana.

Na sheria ikija, itamkuta yeye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019, na zote mbili zinaziweka taarifa za afya katika fungu la taarifa nyeti. Picha ya yule mtoto iko kwenye simu ya muuguzi pamoja na picha za ubatizo wa mpwa wake. Akiibiwa simu stendi, kosa ni la nani? Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji tangu 2016, hausomeki njiani, lakini hilo halimzuii mtu aliye ndani ya kundi kupiga picha ya kioo. Halimzuii pia mume kuishika simu ya mkewe. Kuna nyumba nyingi zenye simu moja, na inalala upande wa baba. Ukimtumia mama kikumbusho cha sindano ya uzazi wa mpango kwenye simu hiyo, unaweza kuwa umemletea kipigo. Wanaobuni huduma hizi wakiwa kwenye viyoyozi Nairobi na Dar es Salaam wakumbuke hilo kabla ya kuchagua rangi za kitufe.

Sasa hivi mtasema: mwalimu, mashine zitajibu. Ndiyo, zimeanza. Jacaranda Health ya Kenya inaendesha PROMPTS, ambako mama anauliza kwa meseji ya kawaida, kompyuta inapanga maswali kwa uzito, yenye dalili za hatari yanawekwa mbele, na dawati la watu linayashughulikia. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa UlizaLlama, modeli ya lugha iliyofunzwa Kiswahili juu ya msingi wa Llama ya kampuni ya Meta. Nafurahi kwamba hatimaye mashine inasoma Kiswahili, na si kile cha kamusi tu, maana mama wa kweli huandika "tumbo lanikata chini na najiskia kizunguzungu nko wiki 34" bila koma wala nukta. Mashine kupanga foleni ni jambo jema sana. Ninachokikataa ni mashine kuwa kisingizio cha kutoajiri. Mtu akiambiwa na kompyuta "nenda kituo cha afya mara moja" usiku wa mvua, kazi ndiyo kwanza imeanza: gari, nauli, mlango uliofunguliwa, mtu ndani. Ile 115 inatufundisha kwamba jibu la afya lina magurudumu.

Tena dirisha hili tunalotaka kulifanya mapokezi si mali yetu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa muda wa kama saa sita, kwa kosa la mafundi wa kampuni yenyewe. Jiulizeni makundi ya rufaa ya wilaya yalipita wapi jioni ile. Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kila aliyeingia mitandaoni kuanzia Julai 2018 hadi ilipobadilisha kodi hiyo mwaka 2021, na Januari 2021, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa kabisa na Facebook ikafungiwa. Anayezima mtandao kwa ajili ya siasa anazima pia swali la yule mama wa wiki 34. Sijawahi kusikia agizo la kuzima likitaja hilo hata kwa bahati mbaya.

Na fedha. Januari 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisimamisha miradi mipya ya majaribio ya afya kwa simu, kwa kuwa ilikuwa imejaa nchi nzima, kila mfadhili na wake, hakuna uliozungumza na mwingine. Tulicheka wakati ule. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, kicheko kiliisha: huduma zilizokuwa zikiendeshwa na mradi zilianza kuyumba, na mwananchi aliyezoea kujibiwa akaona kimya. Kwake kimya hicho hakina jina la mfadhili. Kina jina la zahanati yake.

Kwa hiyo napendekeza tuanze chini, kwa vitu tulivyo navyo. Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 Septemba 2023, wakapewa mikoba ya vifaa na simu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Tanzania ilizindua mpango wake Januari 2024 wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Zanzibar walitangulia: Jamii ni Afya imeshawapa wahudumu wa kujitolea simu za kuongozea ziara zao za nyumba kwa nyumba. Hawa ndio wanaojua mama yupi simu yake inashikwa na mume na yupi anaandikiwa meseji na mtoto wa darasa la nne. Waingie katika makundi ambayo watu wameshayaunda, ya vikoba, ya bodaboda, ya wazazi wa shule, wakiwa na cheo kinachojulikana na ruhusa ya kusema "hili sijui, nauliza kituoni, nitarudi saa mbili." Kurudi saa mbili kama alivyoahidi ndiko kutakakomng'oa yule muuza unga wa nguvu za kiume.

Mtaniambia wauguzi hawatoshi, tunawaongezeaje kazi ya simu. Kazi hiyo wanaifanya tayari, usiku, kwa bando lao. Ninachoomba ni kwamba iandikwe. Simu iwe ya kituo na ilale kituoni. Picha za wagonjwa zifutwe baada ya kuingizwa kwenye faili. Maswali yanayojirudia yaandikwe kwenye daftari na yasomwe kwenye kikao cha mwezi, kama yalivyosomwa maneno ya watu wa Beni. Kwenye ratiba ya zamu ile iliyobandikwa ukutani nyuma ya mlango, yenye safu za asubuhi, mchana na usiku, iongezwe safu ya nne.

Fedha za kuanzia si nyingi na njia ipo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati na vituo vya afya Tanzania Bara vimekuwa vikipokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kamati ya kituo, yenye wananchi ndani yake, hukaa kupitia mpango wa matumizi kabla haujapelekwa halmashauri. Mtakapokwenda mafunzo kwa vitendo ombeni kuuona mpango huo. Tafuteni vocha na bando zimewekwa wapi, na kama zimewekwa, ulizeni simu yenyewe anayo nani.

Maswali sasa, na tuanze na wale waliosimama mlangoni.